Shani ya Damu na Wajibu Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, Mola wetu ametutaka tuzizingatie nafsi zetu, kwani ndani yake mna dalili za uwezo wake. Nasi tukiisikia amri hii huinua macho tukatazama nyota, tukaisahau damu ipitayo mishipani mwetu. Katika tone moja dogo mna mamilioni ya chembe nyekundu. Kila chembe ni ya mviringo, imebonyea katikati, tena laini hata hupenya katika vijishipa vyembamba kuliko upana wake. Huchukua hewa safi kutoka mapafuni mpaka kila kiungo, na baada ya siku 120 hivi hufa. Na nyingine zaidi ya milioni mbili huumbwa kila sekunde ndani ya uboho wa mifupa.

Lakini iko shani nyingine. Mwaka 1910 tabibu James Herrick wa Chicago alieleza chembe za damu zilizopinda mfano wa mundu. Ndiyo maradhi yakaitwa selimundu. Kisha mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii. Akakuta kwamba kandokando ya Ziwa Victoria na huko pwani urithi huu uko kwa watu wengi, lakini milimani na nchi kavu ni haba sana. Mwaka 1954 akatangaza sababu yake: aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu haumwi, bali hukingika na malaria kali. Basi sisi wa huku Magunga, na nyinyi wa Mombasa, Malindi na Lamu, safari imetutenga, lakini mbu ametuunganisha katika damu!

Ama mtoto akiurithi kwa baba na kwa mama, hapo kinga hugeuka msiba. Chembe zake huwa ngumu, hukwama mishipani, na hufa baada ya siku 10 mpaka 20. Damu humpungukia, macho huwa manjano, mifupa humuuma usiku kucha, na malaria ile ile humwua upesi. Wazazi wawili wenye urithi huu, kila mimba yao ina fungu moja katika manne la kuzaa mtoto mgonjwa. Wala mtu asidhani kuwa akiisha kuzaliwa mgonjwa mmoja, watatu wafuatao wamesalimika. Kila mimba ina hesabu yake.

Sasa tujiulize: ni watoto wangapi waliolia kwa maumivu haya, tukasema wamepagawa na pepo? Fedha ikaenda kwa mganga, hirizi ikafungwa shingoni, na mama akaambiwa ana mkosi, pengine akapewa na talaka, hali baba naye ametoa nusu ya urithi ule ule! Hiyo ni dhulma, na kila dhulma ina siku yake ya kuulizwa.

Yuko atakayesema, "Haya ni kadari ya Mungu." Naam, ni kadari. Lakini njaa nayo ni kadari, na hatuketi tukaacha kula. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kutafuta dawa. Na dawa ziko. Uchunguzi uliofanywa Kilifi, na pia Uganda, Kongo na Angola, ukatangazwa mwaka 2018, umeonyesha kwamba haidroksiyurea huwapunguzia watoto hawa maumivu, haja ya kuongezwa damu, na vifo. Juu ya hiyo ziko chanjo, chandarua, maji mengi, na kumkimbiza mtoto hospitali mara homa inapomshika.

Basi wazazi, kabla ya posa kukamilika, vijana na wapimwe damu, khasa wanapooana mabinamu, kwani jamaa wa ukoo mmoja huelekea zaidi kushiriki urithi mmoja. Hapana aibu katika kupima. Mwenye urithi huu si mgonjwa wala hana ila. Ni mja aliyepewa amana katika damu yake, na amana hutunzwa kwa kujuliwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, awape subira mama zao, na atufanye katika wale wasikiao maneno wakayatenda. Amin.