Nani Alimwuliza Mtoto?

Masomo: Yohana 5:1-9, Marko 9:14-29

Katika Yohana sura ya 5 kuna swali ambalo ukilisoma haraka utaona ni kama halikuwa na haja. Mtu amelala kando ya birika la Bethzatha. Hawezi, na amekuwa hivyo kwa miaka 38. Bwana anafika pale na kumwuliza kama anataka kuwa mzima. Sasa hilo nalo ni la kuuliza? Si iko wazi? Lakini aliuliza. Na katika Marko 10 kuna Bartimayo, kipofu ambaye kila mpita njia alimwona kuwa ni kipofu, naye pia akaulizwa anataka afanyiwe nini. Umati wote ungeweza kumjibia. Aliachwa ajijibie mwenyewe.

Swali hilo limenikalia moyoni tangu mwezi wa Februari, binti yetu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Wengi wenu mnamjua, yule wa kiti cha magurudumu anayekaa karibu na spika upande wa kushoto, kwa sababu anapenda besi. Ana miaka tisa. Ana mtindio wa ubongo, ule ambao kliniki wanauita si-pi. Ubongo unaumia mapema, kabla mtoto hajazaliwa, au wakati wa kuzaliwa akikosa hewa, au baadaye kidogo kwa umanjano mkali ama homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachoongezeka ni mtoto. Mifupa inarefuka, misuli iliyokaza haitaki kurefuka nayo, na kila mwaka mwili unavutana wenyewe kwa wenyewe. Yeye miguu yake ilikuwa imefungana kama mkasi. Kumwosha ilitaka watu wawili, mmoja wa kuitenganisha na mwingine wa kuosha, na alianza kulia akisikia tu karai likiwekwa chini. Picha zikaonyesha mfupa wa paja unavutwa polepole kutoka mahali pake kwenye nyonga.

Daktari alitueleza bila kutupamba. Atazikata na kuzirefusha kano za kinena ili miguu ifunguke. Atakaa vizuri zaidi, ataoshwa bila maumivu, na nyonga itapata nafasi ya kubaki mahali pake. Mama yake akauliza lile swali ambalo sote tulikuwa tunalingoja. Daktari akasema hapana, huu si upasuaji wa kumfanya atembee.

Wanaosema kwamba kumpeleka mtoto thieta ni kukosa imani sitakawia nao. Luka alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na sijaona mahali Paulo alimwambia aache. Linalonisumbua mimi ni lingine.

Ilibidi mtu atie sahihi. Binti yetu hasemi kwa maneno. Akikubali hutazama juu. Akikataa hugeuza uso upande. Usiku ule wa kulazwa mama yake alimgusa mapaja, akamweleza kwa utaratibu kwamba daktari atakata hapa na hapa, kwamba atalala, kwamba akiamka kutakuwa na plasta na kutauma, halafu kuosha hakutauma tena. Kisha akamwuliza kama anakubali. Mama yake anasema alitazama juu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na juu palikuwa na taa iliyokuwa inamweka-mweka. Sijui aliitazama taa ama alitujibu. Tumeolewa na kuoana miaka kumi na mitatu na hilo hatujakubaliana hadi leo.

Asubuhi nikatia sahihi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema masilahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Mzazi hupewa kalamu, lakini hapewi mtoto awe mali yake. Nilipokuwa naandika jina langu niliona jambo moja wazi: tukiacha mambo kama yalivyo, hakuna atakayenilaumu. Maumivu ya karai yalikuwa ya kawaida, majirani wameyazoea, hata sisi tulikuwa tumeyazoea. Lakini asipoamka kutoka kwa dawa ya usingizi, atakuwa amekufa kwa sababu ya karatasi yenye sahihi yangu. Kutotenda kunajificha vizuri. Nafikiri wazazi wengi hukwama hapo, na kwa wengine tunaita hali hiyo kumngoja Mungu.

Walimwingiza saa mbili na dakika arobaini. Sista akatuelekeza kwenye benchi la korido. Nikainamisha kichwa niombe.

Sasa, wapendwa, mnajua jinsi tunavyomwombea mtoto huyu. Tumemwombea kwa miaka, na kwa upendo mwingi, wala sioni dhambi ndani yake. Kila mkutano wa injili amepelekwa mbele. Amepakwa mafuta. Mwaka mmoja mhubiri mgeni alimshika makwapa akamwinua kutoka kitini akimwamuru asimame, na watu wakapiga vigelegele, kwa sababu kutoka nyuma ilionekana amesimama. Mimi nilikuwa karibu. Alikuwa amegeuza uso upande, ameugeuza mpaka kidevu kikagusa bega.

Lile ombi la kutembea ndilo lililonijia mdomoni pale benchi, maana ndilo tunalolijua kwa kichwa. Na halikutoka. Thieta hawakuwa wanafanya kazi ya kutembea. Ni kama kumwombea fundi anayeziba paa wakati wewe moyoni unataka ghorofa. Nikajiuliza: kutembea ni ombi la nani? Nani amewahi kumsikia akiomba kutembea? Mimi baba yake sijawahi. Ombi lake nalijua. Nimelisikia kila jioni, karai likiwekwa chini.

Mama mmoja alikuwa ameketi upande wa pili wa benchi na thermosi ya chai. Mtoto wake alikuwa na maji kichwani, na mrija aliowekewa alipokuwa mdogo wa kuyateremsha maji hadi tumboni ulikuwa umeziba. Ilikuwa mara ya tatu kufunguliwa.

"Baba, wewe uko na nani ndani?" akaniuliza. Nikamwambia. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha thermosi.

"Mara ya kwanza niliomba vitu vingi sana," akasema. "Niliomba mpaka shule atakayoenda. Siku hizi naomba tu aamke akinijua."

Nilimwuliza kama hilo si kupunguza imani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei na mtu asiyenunua. "Yeye akiamka hutafuta uso wangu," akasema. "Sasa mimi niombe nini kingine kabla ya hicho?"

Kuna mtu atanipinga hapa, na nitampa andiko mwenyewe. Katika Marko 2 wale watu wanne walimbeba mwenzao na kutoboa paa, na hatusomi popote kwamba mgonjwa aliwaomba wamteremshe. Yairo alimwombea binti yake. Yule mama wa Kanaani naye hakumleta mtoto. Kwa hiyo kumwombea mtu asiyeweza kujiombea ni halali, tena ni wajibu. Nakubali kabisa. Mtoto wangu angengoja aulizwe na kila mtu kwa njia anayoielewa kila mtu, angekuwa hajapata hata chanjo.

Lakini hebu tusome Marko 9 polepole, kuanzia mstari wa 14. Kuna baba amemleta mwanawe, na mtoto haongei, kama wangu. Bwana anamwuliza baba: mtoto amekuwa hivi tangu lini? Na yule baba anajibu kama mtu aliyekuwa hapo kila siku. Tangu utotoni, anasema, na mara nyingi humwangusha motoni na majini. Moto na maji! Hiyo ni habari ya mtu aliyemvuta mtoto kutoka jikoni kwa mikono yake. Hasemi mtoto wa fulani anatembea na wangu hatembei. Hasemi watu wanatucheka sokoni. Ombi lake linaanzia mahali mtoto anapoumia. Halafu anapoomba msaada anasema "sisi", hasemi "yeye" peke yake, kwa sababu nyumba ikiwa na mtoto anayeanguka motoni hakuna anayelala. Sioni vibaya mzazi kujiweka ndani ya ombi. Ila mtoto awe ndani kwanza.

Kwa hiyo pale benchi niliomba hivi, na nitaandika ilivyokuwa: Baba, mikono ya daktari isitetemeke. Aamke. Karai lisimtishe tena. Nikaishiwa. Ilikuwa saa tatu na robo, na tulikuwa na karibu saa tatu nzima mbele yetu. Nimezoea maombi marefu, mikesha mnaijua, na sikujua la kufanya na ukimya ule. Mama yake alikuwa ameshika soksi zake, anazikunja na kuzikunjua. Mlango wa thieta ukifunguka tunasimama sote watatu, tukiona ni mtu wa kupiga deki tunaketi.

Baadaye nilisoma habari za daktari mmoja Mwingereza, William John Little, aliyezaliwa mwaka wa 1810. Ndiye aliyewaeleza madaktari wenzake huko London hali hii ya binti yetu, mwanzoni mwa miaka ya 1860, na kwa muda mrefu ikaitwa kwa jina lake. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda tangu utotoni. Mwaka wa 1836 alikwenda Hanover, Ujerumani, kwa daktari aitwaye Stromeyer, akakatwa kano, mguu ukanyooshwa. Akarudi kwao akaanza kuwafanyia wengine. Hiyo ni miaka kumi kabla ya etha kuonyeshwa hadharani kwamba inaweza kumlaza mgonjwa wa upasuaji. Alikuwa macho, kisu kikipita. Lakini alikwenda kwa hiari yake, akijua anachotaka, na hilo ndilo nililomwonea wivu kwa niaba ya binti yangu. Yeye alisukumwa ndani akiwa amelala chali, akitazama taa za dari, na huko hata mimi ningeambiwa nimekubali.

Saa sita kasoro dakika kumi daktari akatoka. Mambo yalikwenda vizuri. Wakatuita chumba cha kuamkia. Alikuwa na plasta miguu yote miwili, na fimbo katikati kuitenganisha, na alikuwa analia, na mama yake akasema hicho ni kilio cha hasira, si cha maumivu. Sista akacheka, akasema hasira ni dalili nzuri.

Plasta ilikaa wiki sita, na sitawadanganya, zilikuwa wiki mbaya. Usiku misuli ilishtuka ndani ya plasta naye akaamka akipiga kelele, na mara mbili au tatu mama yake alinitazama gizani bila kusema neno, na nilijua anafikiria ile sahihi. Mimi pia nilikuwa naifikiria. Kuwa na sababu nzuri hakumwondolei mtu usiku kama huo.

Sasa anaoshwa na mtu mmoja. Karai likiwekwa chini hugeuka kulitazama, basi. Hatembei. Naandika hilo wazi kwa sababu Jumapili mbili zilizopita ndugu mmoja, mtu mwema, alinishika mkono mlangoni akaniuliza kwa huruma kama upasuaji ulikataa. Haukukataa. Ulifanya ulichotumwa. Mkisoma 2 Samweli 9 mtaona Mefiboshethi anaingia kwa Daudi akiwa kiwete, na sura inafunga angali kiwete miguu yote miwili, na yuko mezani pa mfalme kila siku. Mwandishi hakuona haja ya kutuomba radhi kwa ajili ya miguu yake.

Wengi mmesema mnataka kuendelea kumwombea, na tunawashukuru, msiache. Mimi na mama yake tunaomba jambo moja tu. Msimwinue kitini. Ukitaka kumwombea, chuchumaa mpaka uso wako ulingane na wake. Mwambie unataka kumwombea nini, kwa maneno machache, kisha ungoje. Huchukua muda, hata dakika nzima, na kwaya ikiwa inaimba huchukua zaidi kwa sababu anasikiliza besi. Akitazama juu, omba. Na mkague kwanza kama kuna taa.

Akigeuza uso upande, msalimie, rudi Jumapili nyingine.