Kujisalimisha kwa Mungu na Wajibu wa Raia: Fikra kutoka Rebero

Swali tunalokusudia kulijadili katika makala haya si geni miongoni mwa walimu, ingawa mara nyingi huulizwa pembeni, kipindi kikisha kwisha. Ikiwa Mkristo ameyakabidhi maisha yake yote mikononi mwa Mungu, je, amebakiwa na nini cha kuitolea nchi yake? Na akiitumikia nchi kwa moyo wake wote, je, hajamnyima Mungu sehemu ya kile alichokwisha kumpa? Mtu huyo aonekana kama aliyeiweka shamba moja rehani kwa wakopeshaji wawili.

Twaweza kulijibu swali hili kwa maneno matupu, na majibu ya namna hiyo yako mengi. Sisi tumeonelea ni heri tulipandishe kwanza juu ya kilima cha Rebero, kusini mwa jiji la Kigali, katika Wilaya ya Kicukiro. Mtu akisimama hapo huuona mji umetandazwa mbele yake, kilima baada ya kilima. Hapo pana eneo la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na zaidi ya watu 14,000 wamezikwa humo. Pamoja nao wamelala wanasiasa waliouawa kwa sababu walisimama kinyume cha siasa ya mauaji. Ndiyo maana juma la maombolezo, linaloanza tarehe 7 Aprili kila mwaka, hufungwa hapo Rebero tarehe 13.

Yafaa tuwataje baadhi yao. Joseph Kavaruganda alikuwa Rais wa Mahakama ya Katiba. Faustin Rucogoza alikuwa Waziri wa Habari; mara mbili, Novemba 1993 na Februari 1994, aliwaita wakuu wa redio ya RTLM akawaonya waache kupanda chuki. Frédéric Nzamurambaho alikuwa Waziri wa Kilimo, na Landoald Ndasingwa Waziri wa Kazi na Ustawi wa Jamii. Waliuawa mauaji yalipoanza, kwa kuwa wenye kuyapanga walijua ni akina nani watakaokataa. Hatudai kuyajua maombi ya kila mmoja wao. Hayo ni siri ya mtu na Muumba wake. Tunachokijua ni kazi waliyokabidhiwa, na kwamba hawakuitupa.

Hapa ndipo ugumu wa swali letu unapojitokeza. Rwanda ya mwaka 1994 haikuwa nchi isiyomjua Kristo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1991, takriban watu tisa katika kila kumi walikuwa Wakristo. Mwaka 1946 Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa aliiweka nchi nzima wakfu kwa Kristo Mfalme. Wanyarwanda wana methali isemayo: Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda, yaani, Mungu hushinda kwingine, lakini hurudi kulala Rwanda. Hata hivyo watu waliokimbilia makanisani, kule Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, waliuawa humo humo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliokuwa wakisali nao Jumapili. Basi kujisalimisha kwa Mungu kulikosemwa kwa midomo mingi namna ile kulikuwa kujisalimisha kwa nani hasa?

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kulichungua neno lenyewe. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana: kusalimu amri na kujisalimisha. Yote yana mzizi mmoja na salama na salamu, na ndio mzizi wa jina la Uislamu, dini ya majirani zetu wa Biryogo na Nyamirambo, ambao kwao Kiswahili kimekaa Kigali tangu zamani. Lakini matumizi yake hayafanani. Askari aliyeshindwa husalimu amri: hutupa silaha, huinua mikono, na tangu saa hiyo hana uamuzi wake tena. Mtu anayejisalimisha kwa Mungu aweza kuwa na maana nyingine: anaiweka nafsi yake mahali pa salama, pasipofikiwa na mtu wa kumtisha wala wa kumhonga. Wa kwanza ameacha kuamua. Wa pili amepata pa kusimama ili aamue.

Kutokana na kuyachanganya maneno haya mawili hutokea makosa mawili. Kosa la kwanza ni kusalimu amri kwa mtawala huku tukidhani tumejisalimisha kwa Mungu. Kwa miaka mingi Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa mjumbe wa Kamati Kuu ya chama tawala. Kanisa lilikuwa na shule, hospitali na sauti iliyosikika kila kilima, lakini lilikuwa limekaa karibu mno na kiti cha enzi hata likashindwa kuona kilichokuwa kikifanywa na mikono ya mwenye kiti. Mwezi Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa makosa ya waumini wao, na mwezi Machi 2017 Papa Fransisko naye aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake.

Kosa la pili ni la yule anayekunja mikono. Huyu husema: mambo ya dunia yanapita, Mungu atafanya apendavyo, mimi kazi yangu ni kusali. Tena hujitetea kwa methali yetu, Jitihada haiondoi kudura. Lakini hebu tuitazame methali hiyo vizuri. Haisemi kwamba kudura yaondoa jitihada. Yasema tu kwamba baada ya mtu kufanya yote yampasayo, matokeo si yake. Mkulima hapangi mvua, lakini asiyelima hana haki ya kuilaumu mvua. Kumwachia Mungu matokeo ni imani. Kumwachia Mungu kazi tuliyopewa sisi ni uvivu uliovishwa kanzu ya ibada.

Msomaji aweza kutuuliza: je, yuko aliyejisalimisha kwa kweli na bado akawa raia kamili? Wako. Katika miaka ya 1930, huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, ulianza uamsho wa Kikristo ulioenea hata Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu wa uamsho huo walisisitiza kuungama, kuvunjika moyo mbele ya Mungu na kujikabidhi kwake kabisa, na walilaumiwa mara kwa mara kwamba wameipa siasa kisogo. Mmoja wa watoto wa uamsho huo alikuwa mwalimu kijana wa Uganda, Janani Luwum, aliyeokoka Januari 1948. Alipokuwa Askofu Mkuu, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin, Februari 1977, kulalamikia mauaji na uonevu uliokuwa umeenea nchini. Siku chache baadaye, tarehe 16 Februari, aliuawa. Kule kujikabidhi kwa Mungu ndiko kulikomwezesha kuandika. Mtu aliyekwisha kuitoa roho yake hana kingi kilichobaki cha kutishiwa nacho.

Tulitazame sasa fumbo la sarafu, ambalo kila Mkristo analijua. Yesu alipoulizwa habari ya kodi, alitaka aonyeshwe sarafu, akauliza sura iliyomo ni ya nani. Ilikuwa ya Kaisari, basi irudishwe kwa Kaisari. Wengi huishia hapo wakasema: kodi kwa serikali, sala kwa Mungu, na shauri limekwisha. Lakini Tertullian wa Karthago, yapata miaka 1,800 iliyopita, alikwisha kuuona upande wa pili: ikiwa chenye sura ya Kaisari ni chake, basi chenye sura ya Mungu ni cha Mungu, na chenye sura ya Mungu ni mwanadamu. Kwa hiyo Kaisari anaweza kudai sarafu. Hawezi kudai mtu.

Rwanda ilikuwa na sarafu ya namna yake, nayo ni kitambulisho. Tangu miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wabelgiji, kadi hiyo ilionyesha kabila la mwenye kuibeba, na mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumwua mtu. Aliyeiomba kadi alikuwa akiuliza lile swali la kale: huyu ni wa nani? Aliyemwua mwenzake kwa sababu ya neno lile alikuwa ameliamini andiko la Kaisari kuliko sura ya Mungu iliyokuwa imesimama mbele yake.

Kule Gisenyi alikuwako mwanamke aliyelijibu swali hilo vingine. Félicité Niyitegeka, Mkatoliki aliyeyaweka maisha yake wakfu kwa utume, aliwahifadhi watu waliokuwa wakiwindwa na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kuingia Goma. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, na kaka yake alikuwa kanali wa jeshi. Kaka alimtaka aondoke ili aokoke. Alijibu kwamba hatawaacha watu zaidi ya 40 aliokuwa nao. Afadhali afe pamoja nao. Aliuawa tarehe 21 Aprili 1994, na leo taifa limemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena. Twaulize: siku ile alikuwa akitimiza wajibu wa imani au wajibu wa raia? Hatuoni mahali pa kukata. Kumlinda raia mwenzake na kumtii Mungu wake kulikuwa tendo moja.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito, wala hatutaki kulikwepa. Ikiwa kila mtu aweza kumkatalia mtawala kwa jina la Mungu, je, nchi haitavurugika? Na wauaji, je, hawakulitaja hilo jina la Mungu? Walilitaja. Kwa hiyo haitoshi mtu kusema kwamba ametumwa na Mungu. Hapana budi pawe na kipimo. Sisi twapendekeza kimoja kilicho rahisi: tutazame ni nani anayelipa gharama ya utii huo. Niyitegeka alilipa mwenyewe, na Luwum alilipa mwenyewe. Anayemtaja Mungu huku akimtwisha jirani gharama, kwa mali yake au kwa damu yake, hajajisalimisha kwa yeyote, amejitawaza mwenyewe. Kipimo hiki hakimalizi kila shauri, lakini ni machache ya udanganyifu yanayokipita.

Twaona pia kwamba neno mizani, linalotumiwa sana katika mazungumzo haya, laweza kutupotosha. Mizani ina sahani mbili, na kinachoongezwa upande huu hupunguza uzito wa upande ule. Mungu na dola si mizigo miwili ya namna moja. Kwa aaminiye, Mungu ndiye anayetuonyesha uzito wa kila kitu, na dola ni mojawapo ya vitu hivyo. Kwa sababu hiyo, katika siku nyingi hakuna ugomvi wowote. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Wanyarwanda hutoka kwa umuganda, kuzibua mitaro na kutengeneza njia. Waadventista, ambao Jumamosi ni Sabato yao, hupewa nafasi ya kuifanya kazi hiyo Jumapili. Hakuna aliyevunja sheria, na hakuna aliyevunja Sabato. Mwenye imani atakuwa wa kwanza kushika jembe na kulipa kodi, na siku atakapokataa jambo, jirani zake watajua kwamba hakatai kwa uvivu.

Tumalizie na sisi wenyewe. Msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya mawaziri na maaskofu peke yao. Kabla ya 1994, katika shule nyingi za Rwanda, mwalimu aliwaamuru watoto wasimame kwa makabila yao ili awahesabu. Agizo lilitoka juu, naye alilitii kwa chaki mkononi, huenda akiwa ametoka kusali na watoto hao hao asubuhi. Wako watoto waliolijua kabila lao kwa mara ya kwanza siku hiyo, mbele ya wenzao. Aliyekuja kuvunja utaratibu mmoja wa namna hiyo naye alikuwa mwalimu: Agathe Uwilingiyimana, aliyefundisha kemia kabla ya kuwa Waziri wa Elimu. Aliufuta mgawanyo wa nafasi za shule kwa kabila, akataka mtoto apimwe kwa alama zake. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1994 akiwa Waziri Mkuu.

Na liko jina moja la mahali linalotukusanyia maneno yetu yote: Nyange. Mwezi Aprili 1994 kanisa la Nyange lilibomolewa kwa mashine juu ya watu wapatao 1,500 waliokimbilia humo, na padre wake, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha. Tarehe 18 Machi 1997 washambuliaji waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Nyange, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, na baadhi yao waliuawa. Padre alikuwa na madhabahu na mafunzo ya miaka mingi. Wanafunzi walikuwa na madawati yao, na wenzao waliokaa kando yao.

Sisi twafundisha vijana wa umri ule ule. Hatujui ni agizo gani litakaloletwa mlangoni mwa darasa letu, wala ni lini. Kujisalimisha kwa Mungu kwetu sisi kuwe basi ni kuyaamua mapema, saa hii ya amani, yale ambayo mikono yetu haitayaandika katika daftari la mahudhurio. Mengine yote ambayo nchi inatudai, na tuyatoe kwa ukarimu.