Mzigo wa Ushahidi Chini ya Nyaya za Umeme

Katikati ya miaka ya 1970, mtafiti aitwaye Nancy Wertheimer alikuwa akizunguka kwa gari mitaani Denver, Marekani, akiwa na orodha ya anwani za watoto waliofariki kwa saratani. Alitaka kujua nyumba hizo zina nini kinachofanana. Kilichomvuta macho kilikuwa nje, juu ya nguzo: transfoma, lile pipa la chuma linalopunguza msongo wa umeme kabla haujaingia majumbani. Alishirikiana na mwanafizikia Ed Leeper, wakaanza kuzipanga nyumba kwa unene wa nyaya zinazopita karibu nazo na umbali wake, bila hata kubisha hodi kwa wenyewe. Mwaka 1979 walichapisha matokeo yao: watoto waliokufa kwa saratani walikuwa na uwezekano mara mbili hadi tatu kuliko wenzao wa kuwa wameishi karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa.

Tangu hapo dunia haijatulia. Kila panapopita umeme pana uga wa sumaku, na umeme wa Dar es Salaam au Mombasa hugeuza mwelekeo wake na kurudi mara 50 kwa sekunde. Haya ndiyo yanayoitwa masafa ya chini. Je, kugeukageuka huko kunazidhuru seli za binadamu? Swali ni la maabara, lakini maabara haikulimaliza. Likabaki mikononi mwa wanafalsafa na, kwa namna yake, mikononi mwa mafakihi, wataalamu wa sheria ya Kiislamu: mtu afanye nini na hatari ambayo hakuna aliyeithibitisha, wala hakuna awezaye kuapa kwamba haipo?

Takwimu zenyewe zina utata. Mwaka 2000 Anders Ahlbom na wenzake waliunganisha data za tafiti kadhaa kutoka nchi mbalimbali. Watoto walioishi penye uga wenye nguvu ya mikrotesla 0.4 au zaidi walionekana kuugua lukemia, yaani saratani ya damu, mara mbili ya wengine. Ila hao hawakufika hata mtoto mmoja katika mia; kwa waliobaki hapakuonekana tofauti yoyote. Mwaka 2001 wataalamu wa Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani walikutana Lyon, Ufaransa, wakauweka uga huo katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kahawa nayo ilikuwamo katika kundi hilohilo kwa ajili ya saratani ya kibofu, ikatolewa mwaka 2016. Wazee wa barazani waliendelea na vikombe vyao vya kahawa chungu miaka yote hiyo bila habari, na kwa hili hawakukosea sana. Kundi la 2B hupima ushahidi umefika wapi. Ukubwa wa hatari halina mpango nao.

Basi twende kwenye seli zenyewe. Miaka ya 1980 Reba Goodman na Ann Henderson wa New York waliziweka seli za damu ya binadamu ndani ya uga dhaifu kwa dakika chache, wakaripoti kwamba jeni iitwayo MYC, inayohusika na ukuaji wa seli na mara nyingi na saratani, imeamka. Ingekuwa kweli, fumbo la Denver lingepata ufunguo. Mwaka 1995 makundi mawili, moja la Marekani na jingine la Cambridge, Uingereza, yalirudia jaribio hilo kwa aina ileile ya seli. Hayakuona kitu.

Kwa nini maabara moja ione na nyingine isione? Jibu mara nyingi limo ndani ya inkubeta, kabati lenye joto ambamo seli hutunzwa. Koili ya waya inayopitisha umeme ili kutoa uga hupata joto, na seli huhisi hata sehemu ndogo ya nyuzi moja ya joto. Koili pia hutetemeka. Feni na kipasha joto cha inkubeta vina uga wao. Ndiyo maana watafiti makini hutumia koili yenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mikondo ikienda upande mmoja, uga unajitokeza. Mmoja ukigeuzwa, uga wa huu unaufuta wa ule, huku joto na mtetemo vikibaki karibu vilevile. Kisha anayehesabu seli hafahamishwi swichi imekaa upande gani. Ni hila ndogo, lakini imezima matokeo mengi yaliyokuwa yakivuma.

Mashaka yanatoka kwenye fizikia pia. Chembe moja ya nishati ya uga wa mara 50 kwa sekunde ni ndogo kuliko msukosuko wa kawaida wa joto la mwili kwa zaidi ya mara bilioni mia moja. Haiwezi kuvunja DNA kama eksirei zinavyoweza. Na ardhi yenyewe ina uga wa zaidi ya mikrotesla 30 katika Afrika Mashariki, ingawa huo umetulia, haugeukigeuki. Hakuna anayesema uga wa sumaku hauwezi kamwe kugusa seli. Mwaka 1896 Mfaransa d'Arsonval aliripoti kwamba watu waliotia kichwa ndani ya koili kubwa waliona mwanga ukimetameta machoni, na leo madaktari huamsha ubongo kwa mapigo makali ya sumaku. Lakini huko kunahitajika uga wenye nguvu maelfu ya mara kuliko ule wa chumbani.

Je, kutojulikana kwa njia ya madhara kunatosha kuikataa hoja? Hapana. Daktari John Snow aliishawishi mamlaka ya mtaa wa Soho, London, ing'oe mpini wa pampu ya maji mwaka 1854, kabla kijidudu cha kipindupindu hakijakubalika kuwa chanzo. Na karne nyingi kabla yake Imamu Ghazali alikwisha kuwakumbusha wanafalsafa kwamba jicho huona pamba ikiungua moto unapoigusa. Haliuoni ule ulazima wenyewe wa moja kuzaa jingine. Kwa Ghazali mwenye kuunguza ni Mungu. Asiyekubaliana naye katika hilo bado ana deni la kueleza ameuonea wapi huo ulazima.

Ila kuandamana kwa mambo kunaweza kupimwa upya, na hapa Uingereza ilitoa funzo zito kuliko Denver. Mwaka 2005 utafiti mkubwa wa huko ulikuta lukemia ikizidi kwa watoto waliozaliwa karibu na nyaya za msongo mkubwa, hata kwa walio mita mia kadhaa, mahali ambapo uga wa nyaya hizo umekwisha kufifia. Uchambuzi wa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba ziada hiyo ilikuwapo miongo ya mwanzo, kisha ikapungua hadi kutoweka. Nyaya zilikuwa bado juu, umeme ukipita. Kama uga ndio ungekuwa mkosaji, kosa lingeendelea. Huenda kilichobadilika ni watu wanaoishi chini yake.

Fiqhi ina kanuni iliyozoeleka pwani: yakini haiondolewi na shaka. Mwenye udhu akishuku kama umetenguka, hubaki nao mpaka apate hakika. Kanuni hiyo haikatazi tahadhari. Mtu akitaka kuupa nafasi uchaji wake, na autie udhu upya. Inachokikemea ni wasiwasi usiokwisha, ule wa mtu anayenawa mara kumi na sala ikampita. Shirika la Afya Duniani lilifika karibu na hapo mwaka 2007: hatua za gharama ndogo sana za kupunguza uga zinafaa, lakini si kuweka viwango vikali visivyo na msingi wa kisayansi.

Na gharama ya tahadhari haigawanywi sawa. Mama wa Denver ambaye angehama nyumba kwa hofu ya nyaya angepoteza pesa. Kwa kaya inayopikia kuni na kusomea kibatari, kuuchelewesha umeme kwa hofu ya mikrotesla ni kuendelea kuvuta moshi, ambao Shirika hilohilo linakadiria uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkuza, yaani ardhi iliyo chini ya laini ya umeme, nao uachwe wazi, kwa sababu isiyo na utata: waya ukikatika unaua papo hapo.

Mlango haujafungwa. Siku maabara mbili zisizojuana zitakapotumia koili zile zilizosokotwa, wahesabuji wakiwa hawajui swichi imekaa upande gani, na zote mbili zikakuta seli za binadamu zimebadilika kwa mikrotesla 0.4, shaka itakuwa imepata mguu wa kusimamia. Hapo mafakihi na wahandisi watalazimika kukaa tena.