Misa ya Kambale
Ofisini kwetu Butembo, juu ya meza kuna skrini na kibodi tu. Kazi yote inafanyika kwenye masini moja iliyo katika chumba cha nyuma, nayo ndiyo inayoomba mafaili kwenye seva kuu. Sisi ni wengi, ila seva inaona njia moja tu imefunguliwa. Maombi yetu yote yanapita humo, kila ombi na namba ya mwenyewe. Kwa namba hiyo mhasibu anapata faili lake, la mkurugenzi halioni.

Mama mdogo wangu wa Beni ndiye aliyenifanya niitafakari masini hiyo. Alikuwa ametoa sadaka ya misa kwa ajili ya mwanawe Kambale, aliyeuawa shambani katika mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014. Siku ya misa katekista akasoma orodha ndefu ya marehemu. "Mwanangu," akaniuliza, "misa ya Kambale ilikuwa nzima, au tuligawana?"

Swali ni la zamani. Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sadaka ya altare yatosha kwa wote, ingawa kila mtu huifaidi kwa kadiri ya ibada yake. Duns Scotus akawa mkali zaidi: padri mwenye deni la misa kwa watu wawili halilipi kwa misa moja. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 948, inaelekea kwa Scotus: kila sadaka na misa yake. Hati ya Roma ya 1991 ililegeza kidogo. Wakati huo iliagiza misa za nia za pamoja zisizidi mbili kwa juma, watoaji wawe wameelezwa na kukubali, na padri abaki na sadaka moja, zinazozidi azipeleke kwa askofu. (Kifungu hiki cha mwisho sijakisikia kwenye matangazo.)

Mimi fundi namwelewa Scotus, maana njia ya pamoja hugawana kasi. Wakiomba wengi kwa mpigo, kila mmoja anangoja. Lakini faili likifika linafika zima. Hakuna anayepewa nusu kwa kuwa jirani naye ameomba. Kinachogawanyika ni kungoja, na sidhani kwa Mungu kuna foleni.

Nikamjibu: ilikuwa nzima.

Hakuridhika. Kwetu Wanande mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, na siku ile walisomwa akina Kambale kadhaa. Nikamwambia Mungu anajua ni yupi.

"Mungu sina shaka naye," akasema. "Waliokaa kwenye mabenchi ndio hawakujua."

Juma lililofuata alimpelekea katekista jina lote, na la baba, na la kijiji.