Maji ya Ziada

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilidhani inazungumzia majuto tu. Nimekwisha kuwa mtu mzima, tena mstaafu, ndipo nilipotambua kwamba kuna swali linalotangulia majuto, nalo ni hili: kabla maji hayajamwagika, ni nani aliyepaswa kujua yatamwagikia wapi?

Mimi ni fundi bomba. Kazi hiyo nimeifanya kwa zaidi ya miaka 30, na nilipostaafu nilirudi kujenga Kileo, katika wilaya ya Mwanga, kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Upare ya Kaskazini. Msomaji asiyepajua aelewe kwamba Kileo si pwani. Huku ni nchi kavu, watu huhesabu mvua za vuli na za masika kama mfanyakazi anavyohesabu siku za mshahara. Bahari iko Tanga, safari ya karibu kilometa 300. Kwa hiyo majirani walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka, siku waliponiona nikiteremsha kutoka kwenye pikapu madumu 11 ya lita 20, yote yamejaa maji ya bahari.

Maji yale yalikuwa ya mjukuu wangu. Kijana huyu amependa samaki tangu utoto wake, akaniomba nimsaidie kutengeneza tangi la vioo la kufugia samaki wa maji ya chumvi. Alikuwa amewapata wawili, wadogo kama kidole, rangi ya chungwa na mstari mweupe mgongoni. Nilikubali upesi. Mtu aliyestaafu hufurahi anapoombwa kufanya kile anachokijua.

Tangi lenyewe lilikuwa dogo: urefu sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Chini ya meza tuliweka tangi la pili, la urefu wa sentimita 60, upana 35 na kimo 35. Maji ya juu yanapofika kwenye ukingo uliopangwa humwagikia ndani ya kisanduku pembeni, hushuka kwa bomba hadi tangi la chini, huchujwa huko, kisha pampu huyarudisha juu. Mchana na usiku maji huzunguka hivyo. Ukingo ule ndio utokezo wa maji ya ziada, na mpango mzima unautegemea.

Kwa fundi aliyefunga mabomba ya nyumba za ghorofa, kazi hii ilionekana kuwa mchezo wa watoto. Mdomo wa bomba la kurudishia maji niliushusha hadi sentimita 20 chini ya uso wa maji, ili mkondo ufike karibu na mchanga. Mjukuu wangu akauliza, “Babu, umeme ukikatika itakuwaje?” Nikamjibu kwa kiburi cha ufundi kwamba nimeweka valvu ya njia moja, maji hayawezi kurudi. Akanyamaza, kwa kuwa mtoto aliyelelewa vizuri habishani na babu yake. Leo natamani angebishana.

Haukupita mwezi, tukapatwa na msiba huko Ugweno, tukapanda mlimani nyumba nzima na kulala huko. Usiku ule umeme ulikatika. Pampu ikasimama. Yeyote aliyewahi kunyonya mafuta ya taa kwa mpira kutoka kwenye pipa anajua kilichofuata: bomba lililokuwa likipandisha maji likageuka kuwa bomba la kuyashusha. Valvu yangu ilikuwa na punje chache za mchanga mdomoni, haikufunga. Kila sentimita moja ya maji katika tangi la juu ni lita 4 na ushei. Sentimita 20 ni lita 81. Tangi la chini lilikuwa na nafasi iliyobaki ya lita 31. Msomaji anaweza kutoa mwenyewe: lita 50 zilikosa pa kukaa.

Hazikukaa sakafuni. Nilipojenga chumba kile nilitoboa tundu kwenye pembe ya ukuta, la kutolea maji ya kupigia deki. Maji ya bahari yalitoka kwa tundu hilo, yakafuata mteremko, yakaingia moja kwa moja katika kitalu cha miche ya nyanya cha mama jirani yangu, mjane anayeishi kwa bustani. Lita 50 za maji ya bahari hubeba karibu kilo moja na robo tatu za chumvi. Tuliporudi, samaki walikuwa wazima kabisa, wakizunguka katika maji yaliyobaki. Miche ilikuwa imelala chini, na baada ya siku mbili ilikauka.

Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, “Mama, umeme ulikatika.” Nilisema hivyo kwa dhati. Sikuwa na nia mbaya, sikuwapo, na sikukata umeme mimi. Yule mama hakupandisha sauti. Alisema, “Umeme ulikatika kwangu pia, mzee, na sikukumwagia kitu. Nauliza neno moja tu. Tundu lile ulilielekeza kwangu kwa nini?”

Nilitafuta jibu, nikapata moja tu: kwa sababu kwako ndiko chini. Sikuthubutu kulitamka.

Swali lake limenikaa moyoni hadi leo. Je, mtu anawajibika kwa jambo ambalo hakulikusudia, lililotokea yeye akiwa mbali, kwa sababu ambayo hakuisababisha? Wengi wetu hujibu kwamba hawajibiki, na neno tunalolitumia ni bahati mbaya. Nami nililishika neno hilo kwa siku kadhaa. Kilichoninyang'anya ni kumbukumbu ya ndiva.

Kwetu milimani, ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhia maji ya kumwagilia. Maji ya kijito huletwa kwa mfereji, bwawa hujaa usiku watu wakiwa wamelala, na asubuhi hufunguliwa ili wenye zamu wanyweshee mashamba. Kuta za zamani zilikuwa za mawe na udongo. Nyingine sasa zimejengewa saruji. Nikiwa mtoto nilikwenda na babu yangu kwenye msaragambo wa kuzoa tope. Alinionyesha mahali ambapo ukingo ulikuwa umeachwa chini kidogo, umepangwa mawe. Nikamwuliza kwa nini wasiujaze ili bwawa lishike maji mengi zaidi. Akanijibu kwamba bwawa linajaa usiku, na usiku hakuna mtu wa kulisimamia, hivyo ni lazima liwe na mahali pa kufurikia pasipomwumiza mtu. Kisha akanionyesha njia ya maji yale: yalipita kwenye mwamba na kurudi kijitoni. Shamba la mtu halikuwa njiani.

Babu yangu hakusoma kitabu cha uhandisi. Lakini alijua kwamba mwenye kukusanya maji juu ya mlima ana deni kwa wanaolala chini yake, hata kama ukuta haujapasuka bado.

Wako waliokuwa na vitabu na fedha wasijue hilo. Huko Pennsylvania, Marekani, juu ya mji wa Johnstown, palikuwa na ziwa la kutengeneza lililomilikiwa na klabu ya matajiri waliokwenda kuvua na kupumzika. Walitia samaki katika ziwa hilo, na ili samaki wasitoroke wakaweka nyavu za chuma kwenye njia ya maji ya ziada. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikanasa kwenye nyavu, maji yakapita juu ya ukuta wa udongo na kuubomoa. Watu zaidi ya 2,200 walikufa bondeni. Klabu ile haikupatikana na hatia mahakamani. Ilisemekana ni kazi ya Mungu. Nami siwezi kusoma habari hiyo bila kuona aibu, maana hata mimi niliwalinda samaki kwanza.

Sheria ya Kiingereza ilikwisha kulitazama jambo hili kwa jicho jingine. Mwaka 1860 mwenye kinu mmoja wa Lancashire, Rylands, alikuwa na bwawa alilojengewa na mafundi wa kuajiriwa. Mafundi hao walikuta mashimo ya migodi ya zamani, wasiyazibe sawasawa. Bwawa lilipotiwa maji yakapenya humo na kufurika katika mgodi wa jirani yake, Fletcher. Rylands hakujua lolote juu ya mashimo yale. Hata hivyo mwaka 1868 Baraza la Malodi liliamua kwamba aletaye katika ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, akilete kwa dhamana yake mwenyewe. Katika kesi hiyo najiona mara mbili: mimi ndiye mwenye bwawa, na mimi ndiye fundi.

Mtu ataniambia kwamba hukumu hiyo ni kali, maana hakuna binadamu anayeweza kuona kila kitu kabla hakijatukia. Hoja hiyo ina uzito. Asiyeweza kukosea labda asingeleta maji wala kujenga nyumba, na dunia ingekuwa kavu. Lakini naona tunachanganya mambo mawili. Hatia ni kipimo cha moyo: ulikusudia nini, ulijua nini. Deni ni kipimo cha maji: yalitoka kwa nani, yakaingia kwa nani. Naweza kuwa na hatia ndogo na deni kubwa. Kosa letu ni kudhani kwamba tukiisha kuthibitisha udogo wa hatia, deni nalo limefutika.

Tena, kwa upande wangu, hatia yenyewe haikuwa ndogo kama nilivyopenda kuamini. Kukatika kwa umeme si ajabu. Kila mtu anajua hutokea. Mimi nilipanga kana kwamba hautakatika kamwe, na mjukuu wangu alikwisha niuliza.

Basi nililipa. Chumvi haiondoki shambani kwa kuchimbuliwa; huoshwa kwa maji mengi matamu, na maji matamu Kileo si kitu cha kumwaga ovyo. Kwa wiki mbili nilisukuma toroli ya madumu alfajiri kutoka bombani hadi kwenye kitalu chake. Nilinunua mbegu. Lile tundu nililiziba kwa saruji, na maji ya deki sasa yanaingia katika shimo la kokoto ndani ya kiwanja changu.

Kisha nilikaa na mjukuu wangu, safari hii yeye akiuliza na mimi nikisikiliza. Mdomo wa bomba tuliupandisha hadi sentimita 2 chini ya uso, tukatoboa tundu dogo juu yake ili bomba livute hewa mapema. Hata ukiongeza sentimita moja inayosimama juu ya ukingo, zitakazoshuka hazifiki lita 13, na nafasi ya lita 31 inawangoja. Valvu niliing'oa. Mwisho tuliongeza bomba la pili la kutolea maji, mdomo wake juu kidogo ya lile la kwanza, bila koki yoyote, ili la kwanza likiziba, hili lipokee.

Bomba hilo la pili tangu siku ile ni kavu. Wageni wanaliuliza ni la nini, nami nawaambia ni la jirani. Mara kwa mara tunazima pampu kwa makusudi, tunapiga magoti na kutazama maji yakishuka, yakipanda katika tangi la chini, yakisimama.

Masika iliyofuata yule mama aliniletea nyanya katika sahani, akaingia kuwatazama samaki kwa mara ya kwanza. Aliwatazama kwa muda mrefu, akasema ni wazuri. Kisha akainama kidogo, akatazama ile pembe ya ukuta.