Mgeni na Mwenyeji Jukwaani

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, katika muziki mwenyeji hupona kweli?

Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliposimama kuimba na Culture Musical Club, kundi lililoundwa Unguja mwaka 1958, hadhira ilimtazama yeye. Nyuma yake fidla, ganuni na akodiani zilibeba kila pumzi yake. Makofi yalikuwa ya nani?

Jibu jepesi ni kuwa yalikuwa ya wote. Lakini haki haitimii kwa neno jepesi, kwani jina la mpiga dumbaki halikutoka na wasikilizaji mlangoni.

Upande wa bara, Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 ikawavuta wapenzi kutoka Mikocheni hadi Temeke. Mwaka 1985 Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake kadhaa waliihama. Waliodhani ngoma imepasuka walikosea. Sauti kubwa ziliondoka, ila mazoea ya kusikilizana yalibaki, na mazoea hayo ndiyo bendi yenyewe.

Basi husuda ya mwenyeji ni kosa, kwa kuwa mgeni humfikisha asipofika peke yake. Na kiburi cha mgeni ni dhuluma, kwa kuwa amepanda juu ya mabega asiyoyalipa. Msikilizaji naye ana deni: aipokee sauti ya mbele huku akiitafuta ya nyuma.

Chanda chema huvikwa pete. Ni kweli, lakini chanda hakikui pasipo kiganja.