Iguse Ingali Baridi

Mpwa wangu, nimesikia umeshapata mashine ya boti, ya farasi 40, imetumika, na mwenyewe kakwambia uende saa nne ukaisikilize. Nenda saa kumi na mbili alfajiri. Ukifika, hata salamu hazijesha, weka kiganja kwenye kichwa cha silinda. Ukikuta joto, jua kuna aliyeamka kabla yako kuibembeleza. Mashine iliyochoka ikishapata moto huwaka kwa mvuto mmoja. Ikiwa baridi ndipo husema ukweli wake.

Rangi mpya usiishangilie. Fungua plagi, zipange kwenye kitambaa, ujue ipi ni ya silinda ipi. Kahawia, kama korosho iliyokaangwa, ni afya. Nyeusi iliyolowa oili mara nyingi hutengenezeka. Nyeupe kama chokaa ndiyo ya kuogopa, huenda mashine imekuwa ikichemka. Kisha funga geji ya kompresheni. Chomoa kwanza ile kamba ya usalama ya kuzimia, maana petroli iko karibu, ndipo uvute mara tano sita kwa kila silinda. Watu watakutajia namba. Mimi hutazama tofauti: 120 na 117, sawa, 120 na 90, huenda pistoni au ringi zimekwenda, na bei ishuke au wewe uondoke.

Halafu shuka kwenye gia. Hapa ndipo nilipoumia mimi. Mashine yangu ya kwanza niliridhika na mlio, nikalipa. Wewe legeza skrubu ya chini taratibu, kinga kopo, na macho yasitoke kwenye tone la kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo hutangulia kutoka. Oili ikija na rangi ya chai ya maziwa, sili imekufa. Yangu nilikuja kuifungua wiki ya tatu, gia zimeshaliwa meno, baada ya kukokotwa kutoka mkondoni, kusi inavuma, na kijana wa ngalawa aliyenicheka njia nzima. Alikuwa na haki. Yeye alikuwa na tanga.

Mwenye mashine atakuwashia kwenye pipa. Mshukuru, kisha mwambie mshuke baharini. Pipani mashine haibebi kitu. Pakieni watu watatu, mwende robo saa na zaidi, ukiutazama ule mchirizi wa maji wa kando: usilegee, wala usiunguze kidole. Njia za maji zilizoganda chumvi hazijisemi dakika ya kwanza.

Namba ya mashine isome mwenyewe kwenye kibati, uilinganishe na risiti. Kibati kikiwa kimekwanguliwa, usikae hata kunywa kahawa. Polisi hawatakuuliza habari za kompresheni.

Geji yangu imo kwenye boksi la spana, uvunguni. Pita uichukue leo jioni, na huyo bwana usimwambie utafika saa ngapi.